Vijana na dini za wengine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Moshi

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka mingi kutoka kwa wazazi, walimu na vijana wenyewe hapa Moshi. Mimi ni mwalimu wa sekondari niliyestaafu. Nimezaliwa Mlutheri, na shangazi yangu aliolewa na Mwislamu nikiwa bado mdogo, hivyo Idd na Krismasi nimezijua zote tangu utotoni. Sijibu kwa niaba ya dhehebu lolote. Pale ambapo majibu yanatofautiana kati ya dhehebu na dhehebu nimesema hivyo, na swali linapogusa lingine nimeweka namba ili nisirudie maneno.

## Mambo ya msingi

1. Nikimfundisha mtoto kuheshimu dini nyingine, si nitamlegeza katika dini yake?

Karibu kila kikao cha wazazi huanza na swali hili, na silipuuzi, maana anayeuliza anaogopa kumpoteza mtoto. Nilichokiona darasani ni kwamba kijana anayeyumba ni yule asiyejua kwa nini yeye mwenyewe anaamini anachoamini. Aliyefundishwa vizuri, iwe kwenye mafundisho ya kipaimara au madrasa, akiulizwa na mwenzake hujibu, na asipojua husema, "Ngoja nikamuulize mchungaji," au, "Nitamuuliza ustaadhi." Asiyefundishwa hukasirika.

Kuheshimu si kukubali. Mwislamu hawezi kuikubali imani ya Utatu, na Mkristo hawezi kukubali kwamba Yesu hakusulubiwa. Kijana aambiwe wazi kwamba tofauti hizo zipo na hazitaondoka. Tunachomtaka ni aweze kuieleza imani ya mwenzake kama mwenzake angeieleza mwenyewe. Hicho ndicho kipimo changu: mwenye dini akikusikiliza, atasema, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini"? Akisema sivyo, bado hujaijua dini yake, na huna haki ya kuihukumu.

2. Hapa Moshi kuna dini zipi hasa?

Ni nyingi kuliko vijana wengi wanavyodhani. Wakristo ndio wengi, na kati yao Wakatoliki na Walutheri wana mizizi ya zamani zaidi. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba kwenu ni Kibosho, Kilema au Rombo, atadhani wewe ni Mkatoliki. Ukisema Machame au Marangu, atakudhania Mlutheri. Sababu yake ni historia. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwaka 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Kila upande ukajenga makanisa na shule kwenye vilima ulivyofikia. Napenda vijana walijue hili mapema. Kijana wa Machame akitambua kwamba angezaliwa Kilema huenda leo angekuwa anasali rozari, ulimi wake hupungua ukali.

Wasabato walianza Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, na leo wako kila mahali mkoani. Makanisa ya kipentekoste, ambayo waumini wake tunawaita walokole, yamekua sana mjini. Waislamu wapo mjini na mlimani pia: kuna Wachagga walio Waislamu tangu enzi za mababu zao, na kuna Wapare wa Ugweno. Wengi ni Wasunni, lakini wapo Washia Ithnaashari na Waismailia. Kisha kuna Wahindu na Masingasinga, ambao mtaani huitwa Makalasinga. Wazee wao wengi walikuja na biashara na kazi za reli, na wana mahekalu yao hapa hapa mjini ambayo vijana wetu hupita mbele yake kila siku bila kujua ndani kuna nini. Na zipo imani za mababu, ambazo nazo hazijafa (tazama swali la 18).

Watu hupenda kutaja asilimia. Sensa ya Tanzania iliuliza dini kwa mara ya mwisho mwaka 1967, hivyo mtu akikupa hesabu kamili ya leo, muulize kaipata wapi.

3. Mtoto aanze kufundishwa mambo haya akiwa na umri gani?

Siku anapouliza. Mtoto wa miaka 4 akimwona jirani anatawadha atakuuliza kwa nini baba Zuhura ananawa miguu. Mjibu kwa sentensi moja: "Anajiandaa kusali, kama sisi tunavyovaa vizuri tukienda kanisani." Ukimwambia, "Achana nao," umeshamfundisha jambo, na litamkaa.

4. Sheria inasemaje?

Ibara ya 3 ya Katiba ya 1977 inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini yake. Vijana husikia "nchi haina dini" wakaelewa kwamba serikali inapinga dini. Maana yake ni kwamba serikali haimpendelei yeyote. Kanuni ya Adhabu nayo inakataza kuidhalilisha dini ya mtu na kuvuruga ibada.

5. Waislamu na Wakristo wanamwabudu Mungu yuleyule?

Vijana huniuliza hivi wakitaka nimpe mmoja wao ushindi. Qur'ani, sura ya 29 aya ya 46, inawaagiza Waislamu wawaambie Watu wa Kitabu kwamba Mungu wao na Mungu wetu ni mmoja. Upande wa Wakristo majibu yanatofautiana: wapo wanaokubali, na wapo wanaosema Mungu asiyejulikana kama Baba wa Yesu Kristo si yule wanayemwabudu wao. Mwambie kijana majibu yote mawili, kisha amuulize kiongozi wake.

Lugha yetu, hata hivyo, imetupa neno moja. Mungu wa kwenye sala ya shangazi yangu na Mungu wa kwenye sala ya mama yangu alikuwa akiitwa Mungu, na wimbo wa Taifa tunauimba wote kwa neno hilo. Vijana wa Kikristo pia hushangaa wakisikia kwamba Isa ni nabii mkubwa katika Uislamu na kwamba sura ya 19 ya Qur'ani inaitwa Maryam. Waislamu nao hushangaa wakijua kwamba wapo Wakristo wasiokula kitimoto, yaani nyama ya nguruwe.

## Salamu, chakula na sikukuu

6. Mkristo aitikie "Asalaam aleikum"? Mwislamu aitikie "Bwana Yesu asifiwe"?

Salamu hizi mbili si za aina moja. "Asalaam aleikum" ni kumtakia mtu amani, na Wakristo wengi huitikia "Waaleikum salaam" bila tatizo lolote. "Bwana Yesu asifiwe" ni ukiri wa imani, na kuitikia "Amen" kwa Mwislamu ni kukiri asichokiamini. "Tumsifu Yesu Kristo" ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kijana wa Kikristo asimpige mwenzake kwa salamu hiyo kisha akanuna asipoitikiwa. Viongozi wetu majukwaani huzitaja zote mfululizo, na kila kundi huitikia yake.

Kwa mtu mzima usiyejua dini yake, "Shikamoo" inatosha. Haijawahi kumkosea mtu.

7. Kijana wangu anawaalika rafiki zake nyumbani. Chakula nikifanyeje?

Uliza kabla ya kwenda sokoni. Hapo ndipo watu wa hapa hujikwaa sana, kwa sababu mlimani nyama ndiyo heshima.

Waislamu hawali nguruwe, na nyama nyingine wanataka iwe imechinjwa na Mwislamu. Familia nyingi za Kikristo za Moshi hulijua hilo: ndafu ya harusi au mbuzi wa kipaimara huchinjwa na jirani au ndugu Mwislamu ili wote wale sahani moja. Sufuria na kisu vilivyopikia kitimoto visitumike. Kama huna vyombo vingine, pika wali, maharage na samaki kwenye chombo kipya, hakuna atakayelalamika. Wasabato nao hawali nguruwe. Wahindu wengi hawali ng'ombe, na baadhi hawali nyama kabisa, hata mchuzi wake.

Najua Wakristo wanaomtajia Mwislamu aya ya kumruhusu kula nyama yao. Acha. Yeye ndiye mwenye dini.

Nikieleze kilichonipata. Mwaka mmoja tuliwapeleka vijana matembezi, na mimi ndiye niliyenunua vitafunwa. Nilichukua soseji bila kusoma kilichoandikwa kwenye pakiti. Binti mmoja wa Kiislamu alikula mbili kabla mwenzake hajasoma na kusema kwa sauti kwamba ni nguruwe. Alilia mpaka tukarudi mjini. Nilikwenda kwao jioni ile ile kumwomba radhi mama yake, na ustaadhi wake akamweleza binti kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi. Walinisamehe. Lakini tangu siku ile fomu yetu ya safari ina mstari wa chakula, na pakiti nasoma mwenyewe.

8. Na mbege, pombe yetu ya ndizi?

Mwislamu, Msabato na mlokole hawanywi. Kwenye shughuli ya ukoo kata ikizunguka, mpe soda tangu mwanzo bila kutangaza. Kumbembeleza "onja kidogo tu" ni kumwaibisha mbele ya wazee wake.

9. Mwanangu aende kwa rafiki yake siku ya Idd? Na rafiki yake aje Krismasi?

Kwenda kula pilau na kusema "Idd Mubarak" hakumfanyi mtu Mwislamu. Kuja kula ndizi na nyama Desemba, wakati mji wote umejaa magari ya waliorudi kuhesabiwa na wazazi, hakumfanyi mtu Mkristo. Hata hivyo wapo wazazi wa pande zote mbili wanaokataza kwa sababu ya dini, na hilo nalo ni haki yao. Mfundishe mtoto aalike mara moja, na akikataliwa asiulize sababu mara tatu.

Mwezi wa Ramadhani kijana asile mbele ya mwenzake aliyefunga kwa makusudi ya kumtania. Akialikwa futari, aende mapema kabla ya adhana ya magharibi na asianze kabla ya wenyeji. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima vilianza ndani ya siku chache. Darasa moja nililolitembelea lilitumia wiki nzima kulinganisha mifungo hiyo miwili: nani anafunga, kuanzia lini, anaacha nini, anatoa nini kwa maskini. Walimu walikaa pembeni wakasikiliza. Sijaona kipindi kizuri kuliko kile.

10. Tukiwapeleka vijana kuona nyumba za ibada, wafanye nini wakifika?

Kwanza mwombe kiongozi wa mahali hapo, siku kadhaa kabla, na umwache yeye aeleze. Usigeuke wewe kuwa mkalimani wa imani ya watu.

Msikitini viatu vinabaki nje, wasichana wafunike nywele na wote wavae nguo za heshima, na mtu asipite mbele ya anayesali. Kwenye Misa Katoliki mgeni anaweza kusimama na kukaa pamoja na wengine, lakini asiende kupokea Komunyo. Abaki kwenye benchi. Kwa Walutheri na wengine Meza ya Bwana ina utaratibu wake, uliza. Kwa Masingasinga kila mtu hufunika kichwa, wavulana kwa wasichana, viatu huvuliwa, na mtu haingii na sigara wala pombe. Ukiwa na bahati utakuta langar, chakula kinachotolewa bure kwa kila anayefika, awe wa dini yoyote, wote wakikaa chini mstari mmoja. Vijana wetu wengi walikua wakiambiana kwamba mle ndani ni freemason. Waliotoka wameshiba dengu na chapati hawakulirudia neno lile.

Mtoto ambaye mzazi hakutoa ruhusa asilazimishwe. Abaki nje na mwalimu.

## Shuleni

11. Mtoto wangu Mwislamu amechaguliwa shule ya kanisa. Nikubali?

Mkoa huu una shule nyingi za makanisa, na Waislamu wengi wamesoma humo wakatoka Waislamu. Lakini usikubali kabla ya kuuliza. Fomu ya kujiunga mara nyingi inasema wazi kama ibada ni lazima kwa wote. Uliza kama anaweza kukaa kimya bila kuimba na kupiga magoti, kama Ijumaa anaruhusiwa kwenda msikitini, na kama kuna mahali pa kuswali. Kwa bweni, uliza habari ya daku: jiko linafunguliwa saa 10 usiku? Futari inahifadhiwa? Mkuu wa shule anayekujibu vizuri kuhusu daku, mengine yote huwa ameshayafikiria.

Maswali ni hayo hayo kwa Mkristo anayempeleka mtoto shule ya Kiislamu.

12. Hijabu na Sabato?

Shule za serikali zinaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu inayoendana na sare. Msabato anashika Sabato kuanzia jua linapotua Ijumaa mpaka linapotua Jumamosi, hivyo masomo ya ziada ya Jumamosi na mashindano ya michezo humweka njia panda kila wiki. Mwalimu anaweza kumpa kazi ile ile Jumapili. Ni jambo dogo kwa mwalimu, na kwa mtoto ni kubwa sana.

13. Vyama vya dini shuleni vinagawanya wanafunzi?

UKWATA cha Waprotestanti, TYCS cha Wakatoliki, CASFETA cha wapentekoste, TAMSYA cha Waislamu na vingine vimewalea vijana wengi vizuri, nami nimelea kimojawapo kwa miaka. Tatizo huanza pale kila chama kinapokuwa na siku yake, chumba chake na marafiki zake, na wanafunzi hawakutani mpaka siku ya ugomvi wa kugombea ukumbi. Viongozi wa vyama wakae kikao kimoja kila muhula kupanga ratiba ya ukumbi na vipaza sauti, na wafanye angalau kazi moja pamoja: kumtembelea mwanafunzi mgonjwa, kupanda miti, kusafisha makaburi ya pale jirani.

## Maneno, simu na mihadhara

14. Kijana wangu anaangalia video za mijadala ya dini usiku kucha. Nimkataze?

Ukimkataza ataangalia chooni. Kaa naye muangalie moja mpaka mwisho. Tangu zamani tulikuwa na mihadhara ya viwanjani, wahubiri wakishindana kwa Biblia na Qur'ani, ila ilikuwa ikiisha watu wanarudi nyumbani na kukutana na jirani bombani. Simu haina jirani. Inampa kijana vipande vya sekunde 40 vya mtu akimshinda mwingine, na anayeshindwa mara nyingi amechaguliwa kwa sababu hajui kujibu.

Muulize maswali mawili. Hiki kinachosemwa kuhusu dini ile, kimesemwa na mtu wa dini ile? Na je, umemjua mtu hata mmoja wa dini hiyo anayeishi hivyo? Kisha mpeleke kwa mtu huyo. Mambo mengi mabaya ambayo vijana wanayajua kuhusu dini za wengine wameyapata kwa wapinzani wa dini hizo. Hakuna kijana angependa dini yake ielezwe hivyo. Biblia yenyewe, 1 Petro 3:15, inamtaka Mkristo ajibu kwa upole, na Qur'ani, sura ya 6 aya ya 108, inawakataza Waislamu kutukana wanavyoviabudu wengine.

15. Ni maneno gani wasiyatumie hata kwa utani?

"Kafiri", "mgalatia" kwa Mkristo, "gaidi", "ninja" kwa dada aliyevaa nikabu, "waabudu sanamu" kwa Wakatoliki, "freemason" kwa kila asiyeeleweka. Utani wa Wachagga na Wapare una mipaka inayojulikana na pande zote, kwa sababu umerithiwa. Maneno haya hayana mipaka hiyo.

16. Watoto wakikejeli kitabu kitakatifu cha mwingine, mwalimu afanye nini?

Achukue hatua saa ile ile, kwa utulivu, na asiache habari itoke nje kabla wazazi hawajaitwa. Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili kuhusu Qur'ani uliishia kwa mmoja kuikojolea, na makanisa yakachomwa. Walikuwa watoto wakibishana kama watoto wanavyobishana. Watu wazima ndio walioubeba ubishi ule mpaka ukawa moto.

Waite wazazi wa pande zote mbili na viongozi wao wa dini, sheikh na mchungaji au padri, wakae chumba kimoja. Mtoto aombe radhi mbele ya aliyemkosea, na aliyekosewa aulizwe, kwa sauti ya kawaida, kwa nini kitabu kile ni kitakatifu kwake. Picha zisipigwe. Kama mambo yameshatoka, kamati ya amani ya viongozi wa dini ya mkoa au wilaya ijulishwe siku hiyo hiyo.

17. Kukitokea shambulio, nimwambie nini kijana?

Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kwenye uzinduzi wa parokia mpya ya Olasiti, Arusha, na watu 3 wakafa. Hapa Moshi wiki ile wanafunzi Wakristo waliacha kukaa benchi moja na Waislamu. Niliwaruhusu wale wa Kiislamu waseme. Mmoja alisema mjomba wake Mkatoliki alikuwa anasali Arusha siku ile na walimtafuta kwa simu mpaka usiku. Kijana anahitaji kusikia kwamba aliyefanya uovu ana jina lake, na kwamba mwenzake wa darasani naye anaogopa.

## Mambo magumu

18. Tunaenda kwa babu mlimani na kuna tambiko. Mtoto ashiriki?

Makanisa na misikiti hukataza matambiko, na familia nyingi huyafanya. Tusimdanganye mtoto. Mweleze kwamba mababu zake walimjua Ruwa kabla ya wamisionari, na kwamba jina hilo hilo ndilo lililotumiwa kumtaja Mungu kwenye Biblia ya Kichagga. Kama dini yenu hairuhusu, asimame pembeni bila kucheka wala kukemea.

Na kuna mila zisizogongana na dini yoyote. Jani la isale ni mfano. Mtu akikuletea isale amekuja kuomba msamaha, na kumkatalia ni aibu kubwa. Nimewaona vijana wa dini tofauti waliogombana wakipatanishwa kwa jani hilo na bibi asiyejua kusoma, haraka kuliko tulivyoweza sisi walimu.

19. Kijana wangu anapendana na mtu wa dini nyingine.

Usianze kwa kelele. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, inayoweza kufungwa na watu wa dini tofauti, na notisi hutolewa siku 21 kabla. Upande wa dini, sheria ya Kiislamu inamruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa Mkristo, lakini haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu. Kanisa Katoliki linahitaji ruhusa ya askofu. Walutheri na wapentekoste wana taratibu zao, na mara nyingi ni ngumu.

Waulize wenyewe maswali ambayo mapenzi huyaficha: watoto watalelewa katika dini gani? Nani atamzika nani, na kwa utaratibu upi? Shangazi yangu na mumewe walikubaliana kabla ya posa, na ndiyo maana ndoa yao ilituunganisha. Wapo niliowajua walioliacha swali hilo mpaka mtoto wa kwanza alipozaliwa.

20. Amesema anataka kubadili dini. Ana miaka 16.

Mtu mzima ana haki hiyo (swali la 4). Huyu bado mtoto kisheria, na mzazi ana wajibu wa kumwongoza. Mwombe asubiri, asome, aongee na kiongozi wa dini yake ya sasa na wa ile anayoitaka, mbele yako. Chunguza kama kuna mchumba, ufadhili wa shule, au mtu anayemshinikiza. Usimfukuze. Waliofukuzwa nyumbani kwa sababu hii sijamwona hata mmoja aliyerudi kwenye dini ya wazazi, na kwa wengine hata mzazi hakuwaona tena kwa miaka.

Kwa kiongozi wa dini anayemlea mtoto wa watu kwa siri: Qur'ani, 2:256, inasema hakuna kulazimishana katika dini, na Mkristo anayemheshimu baba na mama hawezi kumfundisha mtoto kuwaficha.

21. Mwanafunzi anakataa kuimba wimbo wa Taifa. Tumfukuze?

Hapana. Mashahidi wa Yehova hawaimbi wimbo wa Taifa kwa sababu ya imani yao, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi wa mkoani Mbeya waliofukuzwa na kusimamishwa shule kwa sababu hiyo. Asimame kwa heshima, wengine waimbe.

22. Anasema haamini dini yoyote.

Msikilize mpaka amalize. Mara nyingi kuna jambo nyuma yake: msiba, kiongozi wa dini aliyemvunja moyo, au maswali ambayo alipoyauliza aliambiwa ni dhambi. Wakati mwingine hakuna chochote nyuma, amefikiri tu na kufika hapo. Uhuru wa Ibara ya 19 unamhusu yeye pia. Anachodaiwa ni kile kile tunachowadai wengine: asiwadhihaki wanaoamini.

23. Kuna msiba wa dini nyingine na vijana wanataka kwenda. Wafanye nini?

Waende haraka. Waislamu huzika mapema, mara nyingi siku ile ile, wakati msiba wa Kichagga wa Kikristo unaweza kusubiri siku kadhaa ndugu wafike kutoka Dar es Salaam. Kijana aliyezoea kusubiri Jumamosi atakuta mwenzake ameshamzika baba.

Kwenye mazishi ya Kiislamu wanaume hupokezana jeneza mabegani, na jirani Mkristo akitoa bega lake anapokewa. Wanawake kwa kawaida hubaki nyumbani wasiende makaburini. Hotuba hazipo nyingi. Kwenye mazishi ya Kikristo Mwislamu anaweza kukaa chini ya turubai wakati wa ibada, kisha akatupa udongo pamoja na wengine kaburini, ambako mlimani mara nyingi ni hapo hapo kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Rambirambi hupokelewa kote.

Wakichelewa na mazishi yakawa yamekwisha, waende nyumbani kwa wafiwa, wakae kidogo, waseme pole. Hilo halina tofauti kwa dini yoyote niliyoitaja kwenye swali la 2.